Nilivyompeleka Mama Wartburg

Mama ni Mlutheri wa Moshi, kabatizwa na kulelewa usharikani. Alipokuja Ujerumani kunisalimia aliomba kitu kimoja: aone chumba ambamo Martin Luther alitafsiri Agano Jipya. Chumba hicho kimo kwenye ngome ya Wartburg, juu ya mji wa Eisenach, na ni huko tulikokwenda mwezi wa kumi.

Kama unakwenda na mtu mzima, anza kupanga na miguu yake. Mimi nilianza na tiketi za treni, nikakosea. Kutoka stesheni tulipanda kwa njia ya msituni. Ni njia nzuri, majani yamegeuka rangi, lakini ni mlima kweli, na nusu ya safari magoti ya Mama yakagoma. Tulikaa kwenye gogo muda mrefu. Lipo basi linalotoka mjini hadi maegesho ya chini ya ngome, panda hilo. Hata ukishuka hapo bado kuna mpando mkali wa kumalizia, kwa hiyo mwache mzee apande taratibu, na avae koti zito, maana upepo wa kule juu haucheki na mtu.

Jengo kuu, lile la kuta nene na madirisha ya matao, ni la karne ya 12, na unalizunguka pamoja na mwongozaji. Siku yetu maelezo ya Kiingereza yalikuwa mara moja tu, mchana, basi ulizia saa kabla hujakata tiketi. Chumba cha Mtakatifu Elisabeth kinang'aa kwa vigae vidogo vya rangi, watu wanakipiga picha sana. Vile vigae ni vya mwanzo wa karne ya 20, na sehemu kubwa ya ngome ilijengwa upya karne ya 19. Mimi hayakunigusa sana.

Kilichonigusa ni kile chumba cha mwisho. Ni kidogo, kuta za mbao, meza, kiti, na pingili ya uti wa mgongo wa nyangumi. Luther alifichwa humo kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522, akafuga ndevu na kujiita Junker Jörg ili asitambulike. Agano Jipya lote alilitoa kwenye Kigiriki kwa wiki kama kumi na moja hivi, kwa Kijerumani cha watu wa sokoni na nyumbani. Ukutani utaona palipobanduliwa: wageni wa zamani walikwangua lile doa la wino ambao, kama walivyosimuliwa, Luther alimrushia shetani.

Usiende tarehe 31 Oktoba kama unataka utulivu. Ni Siku ya Matengenezo ya Kanisa, sikukuu ya serikali kwa jimbo la Thüringen, na watu hujaa. Na siku yoyote utakayokwenda, usiufanye mchana wako kuwa mfupi. Chumba cha Luther unakifikia baada ya mwongozaji kukuaga, kwa hiyo unaweza kusimama utakavyo. Sisi tulijiachia saa nzima.

Mama aliitumia yote. Alisimama mbele ya ile meza, akavua kofia ya sufu, akasali Baba Yetu kwa Kimachame, polepole, mpaka Amina. Hakuna aliyetuharakisha.