Darubini ya Kijapani 7x35 ya nyuzi 11: uzoefu wangu

Darubini hii ya macho mawili niliinunua dola 20 kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vya zamani gerejini kwake, hapa Ohio. Mkoba wake wa ngozi ulikuwa umeachia mshono. Muuzaji alikuwa akisifia jina la duka lililochorwa kwenye bodi, mimi macho yangu yalikuwa kwenye tarakimu zilizo chini yake: 7x35, yaani inakuza mara 7 na lenzi za mbele zina kipenyo cha milimita 35, na futi 578 kwa yadi 1000, yaani upana unaouona kwa umbali huo. Hizo ni nyuzi 11 za upana wa eneo unaloliona! Darubini ya kawaida ya 7x35 huwa na nyuzi 7 hivi. Kwa umbali wa kilomita moja, ile ya kawaida inakuonyesha upana wa mita 122. Hii, mita 193.

Jina lisikubabaishe. Miaka ya 1950 hadi 1970 viwanda vya Japani vilizitengeneza kwa wingi, na waagizaji wa Marekani wakaziuza kwa majina yao. Chunguza bawaba ya katikati utafute herufi JB na namba, hiyo ndiyo alama ya kiwanda kilichoitengeneza. Nyingine bado zina kibandiko cha JTII, taasisi iliyokuwa ikizikagua kabla hazijauzwa nje. Changu kimebaki nusu.

Kisha zielekeze lenzi kwenye taa. Mwako wa bluu au zambarau maana yake kioo kimepakwa dawa ya kupunguza mng'ao. Mweupe maana yake ni kitupu. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, rudisha mezani.

Mwezi Mei nilikwenda nayo Magee Marsh, kando ya Ziwa Erie, wakati ndege wadogo wanaohama wanapotua kupumzika kabla ya kuvuka ziwa. Hawatulii hata sekunde mbili kwenye tawi moja. Kwa darubini yangu ya zamani nilikuwa naishia kutazama majani. Kwa hii, ndege akiruka bado yumo ndani. Ila pembeni picha inafifia na mistari inapinda, ndege lazima umlete katikati ndipo umwone rangi.

Kosa langu ni kwamba kabla ya kulipa sikutazama nayo waya wa umeme wa mbali, nione kama unaonekana mmoja au miwili. Nyumbani nikaona paa la jirani lina kingo mbili, kichwa kikaanza kugonga. Prizimu moja, kile kipande cha kioo cha ndani kinachopindisha mwanga, ilikuwa imesogea, na grisi ya gurudumu la kulengea imeganda kama gundi. Fundi alinitoza dola 60, mara tatu ya bei ya kununulia. Sijutii, kazi yake safi.

Kinachoniudhi hasa ni miwani. Jicho linatakiwa lisogee karibu kabisa na kioo, kwa hiyo nikiwa nimevaa miwani upana wote ule unageuka tundu la ufunguo. Huwa naivua. Mke wangu havai miwani, na tangu Mei darubini imehamia kwenye mkoba wake; mimi naiomba.