Kahawa ya Kopo au ya Kusaga?
Ya kopo ina sifa moja: haraka. Kijiko, maji moto, koroga. Umemaliza kabla matatu ya Kondele haijajaa. Ladha? Maji yaliyosimuliwa habari za kahawa.

Ya kusaga ndiyo yangu. Buni za arabika kutoka miteremko ya Elgon, Bungoma, vijiko viwili vilivyojaa kwa kikombe. Maji yakichemka naepua, nangoja kidogo yashuke hadi nyuzi 95 hivi, ndipo namimina. Dakika 4 baadaye machicha yametulia chini, na jirani anabisha hodi, eti amekuja kuomba chumvi. Mke wangu huitia maziwa na sukari vijiko vitatu. Nampenda, lakini hiyo ni chai iliyopotea njia.

Kopo nimewawekea wageni wasiopiga hodi.