Uzoefu Wangu Vardø, Norwe: Mji Unaohitaji Zaidi ya Saa Moja

Wageni wengi hufika Vardø kwa meli ya pwani, ambayo hukaa gatini kwa muda mfupi tu. Hushuka mbio hadi kwenye ngome, hupiga picha, kisha hurudi melini kabla haijang'oa nanga. Mimi nilikwenda kiangazi na nikalala huko siku kadhaa, na kwa niliyoyaona ninaamini kwamba ziara ya haraka namna ile humpunja msafiri, kwa sababu mambo makubwa mawili ya mji huu, yaani Kumbukumbu ya Steilneset na kisiwa cha ndege cha Hornøya, hayatazamiki kwa pupa.

Vardø ni mji wa wavuvi wenye wakazi takriban 2,000, uliojengwa kisiwani katika eneo la Finnmark, kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Norwe. Uko mashariki kiasi cha kuipita Istanbul, na anayeufuata mstari wake wa longitudo moja kwa moja kuelekea kusini atapita karibu na Biharamulo, mkoani Kagera. Kutoka bara mtu huingia kwa gari kupitia handaki la chini ya bahari lenye urefu wa karibu kilomita 3, ambalo lilifunguliwa mwaka 1982 na lilikuwa la kwanza la aina hiyo nchini humo. Upepo hauna kizuizi, na hata mwezi wa Julai nililazimika kuvaa koti zito na kofia ya sufu.

Steilneset iko pembezoni mwa mji, ufukweni, na kuingia ni bure. Inawakumbuka watu 91 waliouawa Finnmark katika karne ya 17 kwa tuhuma za uchawi, 77 kati yao wakiwa wanawake na 14 wanaume, na wengi wa wanaume hao walikuwa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini. Msanifu majengo Peter Zumthor alijenga ukumbi mwembamba wa turubai wenye urefu wa mita 125, ulioning'inizwa ndani ya fremu za mbao ambazo hazitofautiani sana na vichanja ambavyo wavuvi wa huko hukaushia samaki. Ndani ni giza. Kuna madirisha madogo 91, na kila dirisha lina taa moja inayowaka na kitambaa chenye maelezo ya mtu mmoja: jina lake, alituhumiwa nini, alikiri nini, alihukumiwa vipi. Maelezo hayo yaliandikwa na mwanahistoria Liv Helene Willumsen kutokana na kumbukumbu za mahakama zenyewe. Yapo kwa Kinorwe, na kwa kuwa Kinorwe changu bado ni cha kujikongoja, nilisoma polepole sana, jambo ambalo sasa naona ndilo lililonifaa.

Kisa kinachorudi mara kwa mara ni cha dhoruba. Mkesha wa Krismasi mwaka 1617 bahari ilichafuka ghafla, mashua 10 zikazama na wanaume wapatao 40 wa Vardø na kijiji jirani cha Kiberg wakafa maji. Miaka michache baadaye wanawake wa vijiji hivyohivyo, baadhi yao baada ya kutupwa katika maji ya baridi kali ili ionekane kama wataelea, jambo lililohesabiwa kuwa dalili ya uchawi, walikiri kwamba ndio walioiamsha dhoruba ile kwa kufunga na kufungua mafundo ya kamba ya kuvulia. Nikiwa ndani ya ukumbi ule niliwafikiria vikongwe wa Shinyanga na Mwanza waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo moshi wa jikoni ulikuwa umeyaharibu kwa miaka mingi. Msiba hutokea, watu hutafuta wa kumlaumu, na anayepatikana huwa ni mwanamke maskini asiye na wa kumtetea. Sijawahi kuona jengo linalosema jambo hili kwa uzito kama Steilneset, na ningependa kila Mtanzania anayepata nafasi ya kufika kaskazini mwa Norwe aingie humo.

Kando ya ukumbi kuna chumba cha vioo vyeusi chenye kazi ya msanii Louise Bourgeois, aliyefariki mwaka 2010, mwaka mmoja kabla ya kumbukumbu hii kufunguliwa: kiti cha chuma kinachowaka moto, na vioo vikubwa vya kuakisi vinavyokizunguka kwa juu. Wapo wanaokisifu zaidi ya ukumbi, lakini kwangu mimi zile taa 91 ndizo zilizonigusa.

Hornøya ni safari ya boti ya dakika 10 hivi kutoka bandarini. Mwanzoni mwa kiangazi jabali lake hujaa makumi ya maelfu ya ndege wa baharini, wakiwemo shakwe, mnandi, na wale wadogo wanaoitwa puffin, wenye mdomo mnene wa rangi kali. Hawamwogopi mtu, na unapita hatua chache tu kutoka kwenye viota vyao, mradi usitoke kwenye njia iliyowekwa. Kelele na harufu ni kali mno, na kofia ni lazima kwa sababu ya kinyesi kinachodondoka.

Ngome ya Vardøhus, iliyojengwa kati ya 1734 na 1738, ni ndogo na saa moja inaitosha. Jumba la makumbusho ya Wapomori, yaani Warusi wa pwani ya kaskazini, lilinivutia zaidi: linaeleza biashara ya kubadilishana samaki na unga wa ngano na wa shayiri nyeusi kati ya wavuvi hawa na mabaharia wa Urusi, iliyodumu hadi mapinduzi ya 1917 na kuzaa hata lugha ya mchanganyiko ya sokoni. Mtu wa pwani yetu, aliyekulia kwenye hadithi za majahazi na misimu ya pepo, ataielewa biashara hiyo mara moja.

Upande wa huduma, vyumba ni vichache na mahali pa kula ni pachache zaidi. Mgahawa niliokuwa nimeutegemea ulifungwa mapema mwishoni mwa wiki, kwa hiyo nashauri ununue chakula dukani mapema na uchague malazi yenye jiko. Chumba kiwekewe nafasi kabla ya safari, hasa Juni na Julai. Anayekwenda kwa ajili ya Steilneset pekee anaweza kuchagua majira ya baridi, ambapo taa zile huonekana vizuri zaidi gizani, lakini ndege wengi wa Hornøya watakuwa wameshaondoka.