Al Mourjan The Garden, Doha: launji ya kifahari kwa jicho la fundi wa finishingi

Nianze na jibu maana najua wengi ndo mnalotaka. Ukiwa na transiti ndefu Doha na tiketi yako inaruhusu launji, yani ule ukumbi wa kupumzikia abiria, nenda The Garden, ile mpya ya upande wa kaskazini, usiishie ile ya kwanza iliyo karibu na lile sanamu la dubu mkubwa wa njano. Zote zinaitwa Al Mourjan, zote ni za bizinesi klasi ya Qatar Airways, kula utakula vizuri kote kote, ila kwa upande wa ujenzi na jinsi mtu aliyechora alivyowaza hazilingani, na hicho ndo nataka kuongelea, mambo ya keki na samaki na juisi watu wameshapiga picha za kutosha.

Mimi kazi yangu ni finishingi za ndani. Dari, partisheni, sakafu, makabati. Na kwa miaka mingi nimefanya kazi kwenye majengo ambayo hayafungwi, yani hospitali inatibu na sie tuko juu ya ngazi tunabadilisha dari, benki inahudumia na sie tunapiga taili nyuma ya pazia. Sasa launji ndani ya terminali inayofanya kazi ni mlima mwingine kabisa, kwaiyo nikiingia kwenye launji yoyote jicho linaenda kwenye vitu ambavyo abiria wa kawaida hana sababu ya kuviangalia.

Watu wanadhani launji ni masofa na taa nzuri. Aisee sio. Launji ni jiko, ni mabafu, ni mitambo ya hewa, ni mfumo wa moto, vyote vinabanwa kwenye ghorofa ambalo chini yake kuna mikanda ya mizigo au vyumba vya umeme au abiria wengine wamekaa. Huwezi kutoboa zege popote unapotaka. Msumeno wako, bisibisi yako, hata kisu cha kukatia jipsam bodi, zile bodi za dari na partisheni, kinaandikwa unapoingia na kinahesabiwa unapotoka, kikipungua kimoja kazi inasimama mpaka kipatikane, na ni haki kabisa, upande wa pili wa kioo kuna ndege na kipande kidogo cha chuma kikiingia kwenye injini ni balaa. Mzigo wote unapita ukaguzi. Halafu lifti! Jipsam bodi ya kawaida ni mita 1.2 kwa 2.4, sasa lifti ya mizigo kama haiimezi hiyo bodi utabeba kwa ngazi usiku kucha au utakata nje ulete vipande, ndo maana makontrakta wanaojua hii kazi wanatengeneza karibu kila kitu karakana, kaunta, paneli za ukuta, mpaka vyumba vya bafu vizima, saiti wanakuja kuunganisha tu.

Na usiku wenyewe. Viwanja vingi unaambiwa subiri ndege ya mwisho iondoke, unafanya fujo zako mpaka alfajiri. Doha hiyo haipo kwa sababu saa sita za usiku kwenda mbele ndo ndege za Afrika, Asia na Ulaya zinapokezana abiria, uwanja unajaa watu wakati ambao fundi wa kwingine angekua anawasha grainda.

Kwa hiyo angalia hesabu hii. ORCHARD, ile bustani ya ndani ambayo launji inaitazama, ilifunguliwa Novemba 2022 siku chache kabla ya Kombe la Dunia. The Garden ikafunguliwa 2023. Maana yake ni kwamba wakati launji inamaliziwa, abiria walikua tayari wanakatiza chini yake na maduka yako wazi. Ukishajua hilo, unapokaa pale na kutazama kingo za dari na maungio ya ukuta yalivyonyooka, unaanza kuwaheshimu mafundi kwa dhati kabisa.

Sasa launji yenyewe. Ina mita za mraba 7,390 na inachukua watu 707. Ni kubwa, ila haikupi ule ukubwa wa ukumbi wa mikutano kwa sababu imegawanywa kwa makabati, mapazia, migongo ya viti na mimea, unatembea unakuta kona, unatembea tena unakuta nyingine. Kuna sehemu za kula, vyumba vya kupumzikia, jimu, spa, mabafu. Lakini akili kubwa ya mchoraji iko kwenye jambo moja tu: hajajaribu kujenga bustani ndani ya launji, ameazima ya nje. Ile ORCHARD ni mita za mraba 6,000, ina miti zaidi ya 300 na mimea zaidi ya 25,000, juu yake paa la kioo linavuka mita 85 bila nguzo katikati. Sasa wewe una kitu kama hicho mlangoni, utajenga nini zaidi? Unageuza viti vikitazame, basi. Mwanga unaokuja ni wa jua lililochujwa na kioo, unaujua mchana na unaujua usiku, na kwa mtu aliyetoka Dar na anaenda Chicago au London, mwili ambao haujui ni saa ngapi, hiyo ni huduma kubwa kuliko sofa lolote.

Linganisha na ile ya kwanza. Ile ni takriban mita za mraba 10,000, ilikuja na uwanja wenyewe 2014, ina dari refu mno, bwawa la maji, na ngazi kubwa ya kupinda ambayo kila mtu lazima aipige picha. Inashangaza, ndio. Ila imejifungia ndani, ukikaa masaa matano unapoteza kabisa habari za dunia. Na bwawa la ndani kwa sisi watu wa saiti ni mzigo usioisha, uzito juu ya slabu, yani sakafu ya zege, kuzuia uvujaji, pampu, usafi wa maji, unyevu kwenye mbao. Kila atakayekarabati ile launji siku za mbele huku abiria wapo ndani ataanza kwanza kuumiza kichwa na lile bwawa. The Garden maji na miti viko upande wa umma, vinahudumiwa huko huko, launji imebaki nyepesi. Hapo ndo naona waliojenga ya pili walijifunza.

Na kujifunza kwenyewe kulikua kwa machungu kwa sababu historia ya launji za uwanja ule sio ndogo. Hamad, ndo jina la uwanja wa Doha, ulitakiwa ufunguliwe Desemba 2012. Ukasogezwa. Ikatangazwa tarehe 1 Aprili 2013, ikafutwa dakika za mwisho kwa sababu ya vibali vya usalama wa moto. Na katikati ya hayo mkataba wa kumalizia launji 19 ulivunjwa mwaka 2012, pande mbili zikaishia kudaiana mamia ya mamilioni ya dola, mwenye uwanja akisema kazi imechelewa, kontrakta akisema hakupewa eneo la kufanyia kazi kwa wakati. Sitaki kuamua nani alikua sahihi, ila kila fundi anajua hiyo hadithi ya kuambiwa maliza wakati chumba hujakabidhiwa. Uwanja mzima wenye kilomita za mraba 22, sehemu kubwa imefukiwa kutoka baharini, na launji zikawa mojawapo ya vitu vilivyouchelewesha! Anayesema launji ni mapambo ya mwisho mwisho aisome hiyo.

Sasa niseme la moyoni. Kitu cha kwanza ninachotafuta nikiingia launji ni milango ya dharura, kabla hata ya kuweka begi. Kuna launji moja, uwanja siutaji, niliikuta inakarabatiwa huku iko wazi. Badala ya kujenga ukuta wa muda wa plaiwudi uliozibwa mpaka darini wao wametundika nailoni, vumbi la jipsam linatua kwenye vikombe, drili inalia mpaka matangazo ya ndege husikii, lakini hayo yote ningevumilia. Kilichonitoa ni mlango wa dharura, mbele yake zimepangwa bodi na makopo ya rangi. Nikamuuliza mhudumu, dada samahani, huu mlango unafunguka? Akaniangalia kwa upole kabisa, kaka hapo mafundi wameweka vitu vyao, wewe tumia tu mlango mlioingilia. Nikamuomba amuite msimamizi, akaja, akasema watatoa. Nilikaa karibu na mlango mkuu mpaka naondoka na bodi bado ziko pale pale.

Kwa nini naumia hivyo? Tarehe 11 Aprili 1996 pale Düsseldorf, Ujerumani, mafundi walikua wanachomelea kwenye barabara ya juu mbele ya terminali, uwanja unafanya kazi kama kawaida. Cheche zikapenya kwenye uwazi wa maungio zikakuta polistairini, yani povu la plastiki, iliyowekwa juu ya dari kama kizuia joto. Moto ukatambaa kimya kimya ndani ya dari, halafu ukalipuka, moshi ukajaa jengo. Watu 17 walikufa, na kadhaa kati yao walifia ndani ya launji, walikua wamekaa wanasubiri ndege. Hawakufa kwa kukosa masofa mazuri. Walikosa pa kutokea.

Kwaiyo mtu akiniambia kibali cha kuchomelea ni usumbufu wa makaratasi huwa simwelewi kabisa. Kwenye terminali inayofanya kazi unapochomelea lazima awepo mtu wa kuangalia moto tu, hana kazi nyingine, na abaki pale muda mzuri baada ya fundi kuzima mashine. Vumbi linawasha alamu za moshi, kwaiyo mafundi wanazifunika vifuniko zile sensa, yani vifaa vya darini vinavyonusa moshi, sawa, lakini shifti ikiisha kila kifuniko kinatolewa na mtu anasaini kwamba kimetolewa, kisipotolewa abiria wa asubuhi wamekaa chini ya sensa kipofu bila kujua. Ukikuta launji ina kofia za plastiki nyekundu au za njano darini na hakuna fundi anayefanya kazi, mwambie mhudumu. Usione aibu.

The Garden nilizunguka kote nikiangalia hayo. Alama za kutokea zinaonekana ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, njia ni pana, hakuna kiti kilichosukumwa mbele ya mlango, na kwa launji iliyogawanywa vikona vikona namna ile hilo sio jambo dogo, ni rahisi sana mchoraji kupenda makabati yake mpaka akaficha njia. Mabafu nako niliingia kwa makusudi. Bafu juu ya ghorofa la terminali ni mtihani maana mteremko wa bomba unabanwa na unene wa sakafu, wakikosea ama harufu inarudi ama maji yanasimama ama yanadondokea huko chini. Pale maji yalienda yanakotakiwa, harufu hakuna, silikoni ya kwenye kona imepigwa na mtu mwenye mkono. Sakafu niliigonga kwa kisigino sehemu sehemu, sikusikia taili lenye uwazi chini. Na utulivu, jamani. Unaona umati unapita kule bustanini lakini makelele yao yamebaki kule, zulia na vitambaa na dari vinameza sauti bila wewe kuona vinavyofanya hivyo.

Nyota tano kwenye ujenzi natoa bila kusita. Kwenye mandhari natoa nne kwa sababu wapo wanaopenda kuona ndege zikisogea na hapa utatazama miti.

Kwetu pia inawezekana na wala hatuhitaji mita 7,000. Jengo la tatu la Julius Nyerere limefunguliwa 2019, limepangiwa abiria milioni 6 kwa mwaka, na la pili, lile alilochora msanifu Mfaransa Paul Andreu, lipo tangu 1984, yote mawili yataendelea kukarabatiwa na abiria wakiwemo ndani. Naomba wanaoandaa hizo kazi waandike kwenye mkataba ukuta wa muda wa plaiwudi na sio nailoni, waandike mtu wa kuangalia moto, waandike nani anasaini kwamba vifuniko vya sensa za moshi vimetolewa asubuhi, na bei zake ziwekwe wazi zisije kukatwa pale bajeti inapobana. Mafundi wa kuifanya hiyo kazi tunao, nawajua kwa majina.

Kwa wanaosafiri: ukishuka upande wa dubu, usikubali uvivu, kuna treni ndogo inapita ndani kwa ndani ya terminali kuelekea kaskazini, panda hiyo, ni bure, ukishuka ulizia ORCHARD na utaona launji ilipo. Bafu omba mara tu unapoingia maana usiku wa manane ndo watu wengi. Na tiketi za bizinesi za bei ya chini kabisa zinaweza zisiwe na launji ndani yake, kwaiyo soma masharti kabla hujalipa, kama launji haimo tafuta za kulipia kama Al Maha, nayo iko huko huko ndani.