Maambukizi ya mifupa ya mgongo: kuotesha bakteria au kupima vinasaba?

Kuotesha sampuli maabara ndo njia ya zamani na bado naiheshimu sana, maana mdudu akiota unamjaribishia dawa moja moja ujue ipi inamuua, ila kama ni TB ya mgongo majibu yanaweza kufika hata wiki 6 mpaka 8 na huku pingili zinazidi kuliwa, na mgonjwa akishameza antibayotiki kabla ya kutolewa sampuli mara nyingi hakioti kitu. Vinasaba ni fasta, mashine ya GeneXpert kama masaa 2 tu inakuambia TB ipo na kama imekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, lakini inanasa hata DNA (vinasaba) ya mdudu aliyekufa. Mimi nikipewa nafasi, nyama ya bayopsi (kipande kinachotolewa mgongoni kwa ajili ya kupima) igawanywe, vifanyike vipimo vyote viwili.