Raja Lumu au Raja Haji: nani alicheza karata zake vizuri?

Hawa ni watawala wawili wa karne ya 18, ndugu wa baba mmoja, Daeng Chelak, Mbugis (watu wa kisiwa cha Sulawesi, Indonesia ya leo) aliyekuja kuwa Yang Dipertuan Muda kule Johor-Riau, usultani wa Wamalay, yaani cheo cha pili baada ya sultani lakini nguvu zote mkononi mwake.

Raja Lumu alienda Selangor, jimbo la Malaysia ya leo, na shida yake ilikuwa moja, Wabugis walionekana wageni tu, wapiganaji wa kuja, sasa jamaa akafanya kitu cha akili sana, akamfuata Sultan Mahmud Shah wa Perak, usultani wa jirani, ambaye ukoo wake ulikuwa wa zamani na unaheshimika, akatawazwa naye mwaka 1766 na kuitwa Sultan Salehuddin Shah. Basi, hakuna wa kumwambia kitu tena. Akafa 1778, kazikwa Bukit Melawati, Kuala Selangor.

Raja Haji yeye moto! Akashika cheo cha baba yake Riau 1777, akagombana na Waholanzi, akawafuata mpaka Melaka, mji waliokuwa wakiutawala, akauawa hapo karibu, Teluk Ketapang, Juni 1784. Leo Indonesia inamwita shujaa wa taifa tangu 1997 na uwanja wa ndege wa Tanjungpinang, mji wa huko Riau, una jina lake.

Mimi namchukua Lumu, japo najua wengi mtanirukia. Cheo cha Riau Waholanzi walikuja kukifuta kabisa, ila ukoo wa Lumu bado uko kwenye kiti Selangor mpaka leo hii.