Mashine ya Kongo au kalamu ya Kenya: kura ipi inaaminika?

Mwaka 2018 Wakongo walipigia kura kwenye skrini: unaingiza karatasi, unagusa picha ya mgombea, mashine inaichapa, unaitumbukiza sandukuni. Wakenya mwaka 2022 walitumia kalamu. Kifaa cha kielektroniki kilitambua vidole na kutuma picha ya fomu ya matokeo.

Wagombea wakiwa wengi, mashine inashinda. Mwaka 2011 karatasi ya kura Kinshasa ilikuwa na kurasa tele kama gazeti. Utunzaji sasa, balaa: betri, ghala, walinzi. Moto wa Desemba 2018 uliteketeza maelfu ya mashine jijini humo, na uchaguzi ukasogezwa wiki moja.

Kwenye imani ndiko kuna utata. Karatasi ya Kongo ipo na inahesabika upya, lakini upinzani ulikiita kifaa hicho mashine ya kuiba kura, na matokeo hayakutangazwa kituo kwa kituo. Kenya iliweka mtandaoni fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za vituo zaidi ya 46,000, kila mtu ajumlishe mwenyewe. Hata hivyo, kesi ya kupinga matokeo ilifika Mahakama ya Juu.

Mna wagombea mamia? Mashine yenye karatasi itawafaa. Ni wachache na umeme wa kubahatisha? Kalamu inatosha. Ila kwa vyovyote, mimi ningedai kwanza fomu za vituo zianikwe.